Swali la Sista Kuhusu Mguu wa Kushoto

Hapana, Job, si huu wa kulia. Huu ndio ulivunjika, na umepona. Soksi hii ya kubana naivaa kwa mguu wa kushoto, ule haukuvunjika hata kidogo, na ndio ulitaka kuniua. Kaa chini nikwambie. Chakula bado. Dani, nyanya yako, amesema hakuna mtu kugusa ugali mpaka mgeni afike.

Unakumbuka niliteleza nikifukuza kuku wa watu kwa omena yetu, dagaa tuliowaanika? Paja likavunjika hapa hapa Karungu, nikapelekwa hospitali kubwa Homa Bay. Wakafunga mguu kamba, kamba wakaifunga uzito, nikalala navutwa hivyo kama ng'ombe amekwama kwa matope. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo dada yako Dolphine ndiye alikuwa ananiletea uji asubuhi.

Siku ya tatu sista akaja na karatasi. Bochaberi, Mkisii, mpole lakini hana mchezo.

"Mzee Ochieng, kesho kutwa ni operesheni. Nina maswali kidogo."

"Uliza, nyathina, mtoto wangu."

"Miaka?"

"Sabini na mbili."

Akaandika. Akauliza sigara, akauliza moyo. Kila jibu lina alama yake, naona anajumlisha pembeni. Halafu akauliza, "Mguu wako umewahi kufura? Uliwahi kuambiwa damu imeganda ndani?"

"Hapana," nikasema. Haraka sana.

Dolphine alikuwa amesimama hapo na thamosi ya uji. Akaniangalia. Nikamkata jicho.

Kwa sababu yeye alijua. Miaka minne nyuma nilisafiri kwa basi kutoka Mombasa, nikafika na malaria, ikanilaza wiki mbili. Nikiamka, mguu wa kushoto umefura kama mto wa kulalia, moto, unauma huku nyuma kwa kigimbi. Daktari akasema damu imeganda, akanipa vidonge vya miezi. Mimi nikameza wiki moja. Mganga mmoja alikuwa ameniambia ni ndagla, dawa ya uchawi inafukiwa njiani ndio uikanyage. Na nani angeifukia kwa lango langu? Ndugu yangu Javan, tulikuwa tumegombana juu ya mpaka wa shamba. Basi vidonge nikatupa chooni, na Javan nikaacha kumsalimia. Dolphine ndiye alikuwa ananiletea maji ya vuguvugu ya kukanda huo mguu. Nilimwambia, "Hii ni siri ya boma."

Sasa ningesemaje mbele ya wodi nzima kwamba nimelogwa na ndugu yangu? Wagonjwa wote wametega masikio, hakuna redio hapo.

Sista akakunja karatasi aende. Dolphine akamfuata hatua mbili. "Sista, hilo swali la mguu ni la nini?"

"Damu ikiganda mguuni, kipande kinaweza kukatika kikapanda mpaka kwa mapafu. Mtu anaongea vizuri, ghafla anakosa pumzi. Damu iliyowahi kuganda mara moja ni rahisi kuganda tena, haswa mtu akilala hivi kitandani. Ndiyo sababu tunauliza mapema."

Dolphine akaweka thamosi chini, akanigeukia. Mtoto wa miaka kumi na tatu, Job, na mimi babu yake namtolea macho hivi.

"Kwaro, nisamehe," akasema, machozi yanatoka. "Sista, mguu wake wa kushoto ulifura. Daktari alisema damu imeganda. Dawa hakumaliza."

"Dolphine!" nikapiga kelele. "Umekosa adabu!"

Nilitaka kumgeuzia mgongo, lakini nimefungwa kamba, kwa hivyo niligeuza shingo peke yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, "Mzee, hata kununa unahitaji ruhusa ya daktari!"

Sista hakucheka. Alifungua karatasi, akaandika alama nyingine, halafu akafunua shuka na kuminya kigimbi changu cha kushoto polepole.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Mzee."

"Inauma sana. Tangu jana."

Wakanipaka kitu baridi kama kamasi, wakapitisha mashine ya picha juu ya mguu. Dolphine alikaa chini karibu na kitanda ameshika ncha ya shuka yangu. Kila nikikohoa aliruka. Mimi pia nilikuwa nahesabu pumzi zangu, naogopa ile inayofuata haitakuja.

Daktari akarudi. "Damu imeganda tena, mzee. Operesheni ingoje. Tunaanza sindano sasa hivi."

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani aliiweka hapo?"

"Hakuna mtu. Mara ya kwanza ulikaa kwa basi safari nzima bila kunyoosha miguu, kisha malaria ikakulaza. Damu yako ilikaa tu. Sasa umelala tena."

Miaka minne, Job. Miaka minne napita ndugu yangu sokoni kama nguzo ya stima.

Nilimwambia Dolphine, "Nyathina, nilikufundisha vibaya. Heshima si kumwacha mkubwa adanganye mpaka afe. Daktari akiuliza, ukweli wote, hata wa aibu. Na dawa inamalizwa." Sikiza hayo na wewe.

Sasa huyo anabisha ni nani? Ni yeye, Javan. Nilimpigia simu mwenyewe, nikamwambia yote, hata ile ya uchawi.

"Hodi! Uko wapi ule mguu niliuloga?"

"Javan, ingia, wacha matusi. Ni huu hapa, umevaa soksi."

"Nitakaa mbali nao, nisije nikaukanyaga."

"Kaa hapa karibu, omera, ndugu yangu. Hapa."

"Nyinyi wazee, ugali unapoa!" Huyo ni Dani yako, Phelesia. "Miaka minne haitoshi?"

Haya. Job, lete maji ya kunawa, anza na mgeni. Dolphine, wewe leo hukai jikoni. Njoo ukae katikati yetu wawili, na kichwa cha samaki, sehemu ya mkubwa, ni chako.