Mistari Miwili ya Chaki

Mwanangu ni fundi cherehani. Hushonea barazani kwetu, nami humtilia vifungo.

Asubuhi moja mteja alijaribu suruali yake mpya. Ikakwama magotini.

"Fundi, hii ni suruali au soksi?"

Tulicheka. Mwanangu hakucheka. Mteja alipoondoka, alininong'oneza.

"Mama, tangu jana nikitazama kando naona viwili viwili. Mstari wa chaki ukawa miwili. Nikakata katikati."

Mkewe alisikia. "Si nilikwambia ununue miwani, baba watoto?"

"Nimenunua. Sasa naona mistari miwili, tena minene!"

Jirani yetu muuguzi alikuwa amefuata gauni lake la kazi. Akachukua chaki mezani.

"Kaka, usigeuze kichwa. Ifuate kwa macho tu."

Chaki ikaenda kulia. Jicho la kulia likaifuata. La kushoto likagoma katikati, halikusogea upande wa pua.

"Funika jicho moja. Unaona chaki ngapi?"

"Moja."

"Basi dawa yake si miwani. Kila jicho linaona, ila hayaendi pamoja. Amri ya kuyapeleka pamoja hupita kwenye shina la ubongo, hapa juu ya shingo. Pakiumia, jicho halipati amri. Ni nadra, lakini hutokea. Huenda ni kiharusi."

"Kiharusi?" nikasema. "Mbona anatembea, anaongea?"

"Mama, kingine huanzia machoni. Twende hospitali sasa hivi."

"Nimalizie gauni lako kwanza," akasema mwanangu.

"Gauni litangoja, kaka. Ubongo haungoji."

Tukaenda. Presha yake ilikuwa juu sana. Picha ya kichwa ikaonyesha kiharusi kidogo kwenye shina la ubongo. Akalazwa, akapewa dawa.

"Nitashona tena?" akamuuliza daktari.

"Wengi hupata nafuu, lakini huchukua muda. Kwa sasa funika jicho moja ukifanya kazi, leo hili, kesho lile. Na dawa ya presha usiiache, hata ukijiona mzima."

Alijishonea kifuniko cha jicho kwa kitambaa cha ile suruali iliyoharibika. Wiki zikapita, kisha miezi. Jicho likarudi polepole, kama mgeni mwenye haya.

Jana alitandaza kitambaa kipya. Akavua kifuniko, akapiga mstari, akautazama kwa kando. Mimi na mkewe tukasogea karibu.

"Mingapi?" nikauliza.

"Mmoja, mama."

Akanyoosha mkono kuchukua mkasi. Mkewe akamwekea mbele kidonge na maji.

"Hiki kwanza, fundi."

Akameza. Ndipo akakata.