Upanga Mkono wa Kushoto

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, saa nne asubuhi, siku ya kwanza ya maonyesho ya wakusanyaji. Ndani walibanana watu tisa. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani na miwani iliyoteleza puani, amekumbatia katoni na hataki mtu aisogelee.

"Tulieni jamani, nakuja," sauti ya kiume ilitokea juu ya vichwa vyao.

"Fundi, usitingishe! Nina vikombe humu!"

"Dada, mimi naokoa watu, wewe unaniambia habari za vikombe?"

"Ni vikombe rasmi!"

Lifti nzima ikacheka, naye akatamani ardhi ipasuke immeze, ila hata ardhi ilikuwa mbali. Mlango ulipofunguka alimwona mwenye sauti: ovaroli ya bluu, grisi shavuni, na tabasamu la mtu anayejua kwamba ana tabasamu zuri. Fundi alipokea katoni kwanza, tena kwa mikono miwili, na hapo ndipo yule dada alipokwisha kazi.

"Rasmi ndiyo nini?" aliuliza wakishuka ngazi.

Akaelezwa. Kampuni za michezo ya video hutoa vikombe, fulana, beji na sanamu za mashujaa wao. Walaghai nao hutoa vya kwao. Yeye alikuwa akiandika kitabu cha vile vya kweli tu: mwaka, namba, picha, stika ya kampuni ikoje na imebandikwa wapi.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuandika midoli."

"Na yako ni kupanda na kushuka."

Tangu siku hiyo Fundi akamwita Bi Orodha. Simu za mchana zikaanza. "Umekula, laazizi?" "Sijala, nina beji mia mbili mezani." "Beji zitakuoa?" "Angalau zinapokea simu." Maana Fundi akiingia kwenye shimo la lifti, simu yake hufa kabisa, na Bi Orodha alikuwa na wivu na mashimo yote ya mji ule.

Mwezi wa nne Fundi alileta kasha. Lilikuwa la kadi nzito, lisilo na dirisha, na ndani yake, kwa mujibu wa maandishi, mlikuwa na sanamu ya mlinzi wa mnara kutoka mchezo wa zamani.

"Liingize kitabuni. Mmiliki, andika jina la mdogo wangu. Habari yake nitakueleza siku nikiweza."

Akasaini fomu bila kuisoma. Fomu ilisema kasha lenye stika yenye shaka litafunguliwa. Mafundi wa lifti husoma kila skrubu, ila karatasi hawasomi.

Kesho yake Bi Orodha aligeuza kasha chini akaona ukingo wa stika inayoziba kasha umenyanyuka. Ilikuwa imebanduliwa, kisha ikarudishwa kwa gundi ya kawaida. Hivyo ndivyo walaghai wanavyobadilisha kilichomo. Alimpigia Fundi mara nne, yumo shimoni. Akachukua wembe mwembamba, akafungua.

Sanamu ilikuwa halali, namba sawasawa. Alifurahi peke yake, akapiga picha, akaanza kujaza ukurasa.

Fundi aliingia alasiri na maembe mawili. Aliona kasha liko wazi, maembe yakamponyoka.

"Umefanya nini?"

"Mpenzi, nilikupigia..."

"Umefanya nini!" Akakaa sakafuni, mtu mzima na ovaroli yake. Mdogo wake alilipata kasha lile akiwa tayari anaumwa. Fundi alilifunga kwa maneno: ukitoka hospitali tutalifungua pamoja, kabla ya hapo usiliguse. Mdogo mtu akalazwa, na hakutoka. "Miaka miwili sijaligusa. Ahadi yangu kwake ilikuwa imebaki hiyo tu."

Bi Orodha alifumbua mdomo aseme: lilishafunguliwa kabla yangu. Sentensi moja tu ingemwokoa. Lakini aliutazama uso ule akaelewa maana ya sentensi hiyo: kwamba mdogo mtu hakumngoja. Akaimeza.

"Nisamehe. Nimekosa."

Fundi aliondoka, hakulichukua hata kasha.

Wiki tatu simu haikupokelewa. Bi Orodha alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga akiwa na mswaki mdomoni. Alipanda lifti za majengo ambayo hakuwa na shughuli nayo, akiomba zikwame. Hazikukwama, jamaa alijua kazi yake. Chakula kikawa hakipiti.

"Mwambie ukweli!" dada yake alimfokea. "Kosa si lako!"

"Nikimwambia, nitakuwa nimemnyang'anya mdogo wake mara ya pili."

"Basi kaa hapo ufe nao."

Ila kazi haina huruma. Kila ukurasa lazima uende kwa aliyeleta kitu, ausaini, ndipo uchapwe. Bi Orodha aliujaza wote: mwaka, namba, rangi, upanga. Alipofika kwenye mstari wa stika mkono ulikataa. Kuandika uongo hakuweza, na kuandika ukweli hakuweza. Akautuma ukiwa na pengo.

Siku ya nne simu iliita. Aliona jina, akaipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Bi Orodha."

"Abee."

"Mstari wa stika mbona mtupu? Wewe huachi mstari."

Bi Orodha aliivuta karibu nakala yake ya ukurasa.

"Na umeandika kiwandani upanga huwekwa mkono wa kulia. Kwenye picha uko kushoto. Uliuhamisha?"

"Wallahi sikuugusa. Niliukuta hivyo." Machozi yakamshinda. "Stika ilishabanduliwa, Fundi, ikarudishwa kwa gundi. Nilinyamaza kwa ajili yako. Sikutaka ujue hakukungoja."

Upande wa pili ilitoka sauti ambayo hakujua kama ni kilio au kicheko.

"Mdogo wangu alikuwa wa mashoto," Fundi alisema. "Kijiko kushoto, kalamu kushoto. Aliichezea sanamu, mpenzi! Miaka miwili najilaani kwamba nilimnyima, akafa hajaligusa. Kumbe mjinga yule alisubiri nitoke kwenda kazini, akacheza!"

Nusu saa baadaye alikuwa mlangoni, macho mekundu, grisi mahali pake. Alimkumbatia bila kuuliza kama gauni ni jipya.

"Ulikubali nikuchukie," alimnong'oneza, "kuliko kuniumiza."

"Usirudie kuninunia. Nimekonda."

"Lete ukurasa. Mmiliki wa kwanza ni yeye. Wa pili na wa tatu, andika mimi na mke wangu."

"Una mke?"

"Nangoja anijibu."

Bi Orodha akachukua kalamu, akaandika majina mawili chini ya lile la kwanza, la mwisho likiwa lake. Kisha akarudi kwenye mstari uliobaki mtupu, akamtazama Fundi, naye akaitikia kwa kichwa.

Stika: ilifunguliwa na mwenyewe.