Blanketi la Mathenge

Sisi watu wa kijiji cha Bahati tunaogopa baridi kupita kiasi. Mtu akiugua, tunaleta blanketi. Asipopona, tunaleta lingine.

Asubuhi ile Mathenge alianguka akikama ng'ombe. Mkewe, Njoki, alimwita, hakuitika. Hakuwa akipumua. Jirani yao Muiruri alimkandamiza kifuani kwa nguvu, bila kuacha, mpaka ambulensi ikafika. Moyo ulirudi kupiga wakiwa njiani kwenda Nakuru.

Lakini Mathenge hakuamka. Hospitalini alilala na shuka jepesi tu. Njoki alimgusa mkono, akauona wa baridi, akaingiwa na hasira. Alitoa blanketi zito alilopewa na mama mkwe, akamfunika mumewe hadi shingoni.

Nesi Jepchumba aliingia, akatazama mashine.

"Nani amemfunika?"

"Ni mimi, sista. Mnamuua na baridi."

Jepchumba aliliondoa blanketi polepole.

"Pole, mama. Moyo ukisimama, ubongo unakosa damu, unaumia. Sasa damu imerudi, lakini ubongo bado ni mgonjwa. Mwili ukipata joto jingi, ubongo unaumia zaidi. Ndiyo maana tunapima joto lake kila wakati, tunalizuia lisipande."

"Na akiganda?"

"Hatuwezi kumwacha agande. Lakini ukitaka kumfunika, tuulize kwanza."

"Ataamka?"

"Sijui, mama. Wengine huamka. Wengine hapana."

Njoki alilia. Kumfunika mumewe ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo, na sasa amenyang'anywa.

Kesho yake mama mkwe alifika, akashika kichwa.

"Njoki! Mtoto wangu analala hivi na wewe uko hapa? Leta blanketi!"

"Hapana, mama. Joto litaharibu ubongo wake. Sista amenieleza."

"Akifa, usikanyage kwangu."

Njoki aliliweka blanketi kwenye kiti, akalikalia. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa kitanda. Walikaa hivyo siku baada ya siku, hawasemezani. Kitanda cha pili kando yake kikawa kitupu, na hakuna aliyeuliza mgonjwa ameenda wapi.

Hatimaye Mathenge alifungua macho. Alipotolewa mpira wa kupumulia, midomo yake ilitetemeka. Njoki aliinama. Je, atamjua?

"Njoki," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nasikia baridi."

Njoki hakugusa blanketi. Alimgeukia nesi. Jepchumba alitazama mashine, kisha akatabasamu.

"Joto lake limetulia. Sasa mfunike, mama."

Njoki aliinuka kitini. Mama mkwe akashika upande mmoja wa blanketi, yeye akashika wa pili.