Annexe ya Kalebuka

— Na huyu mwanamuke ni nani kwako?

Mama Chilufya, mwenye parcelle, yaani kiwanja, alikuwa amesimama mlangoni pa annexe, nyumba ndogo ya uani ya kupangisha, na funguo mkononi. Vyumba viwili, sebule, maji ya forage, kisima kilichochimbwa uani. Yote hayo huku Kalebuka kwa bei ambayo kule Golf kwa matajiri hupati hata gereji. Abigaïl na Adrien walikuwa wametafuta miezi minne, wakachosha makomisioneri watatu, madalali wa nyumba.

Adrien alitazama funguo zile.

— Ni dada yangu.

Abigaïl akageuka kama aliyepigwa kofi.

— Unasema nini?

— Abi, nyamaza kwanza.

— Sinyamaze! Mama, unisamehe. Miye haiko dada yake. Ni miaka mbili tunapendana. Alisema tupate nyumba, kiisha aende kuniomba ndoa kwa baba yangu.

Mama Chilufya akakunja uso.

— Miye naingizaka bantu benye kuoana, ao bandugu. Bantu ba bongo, ba kusema uongo, hapana. Muende mumalize maneno yenu inje.

Walipotoka tu, simu ya Adrien ikalia. Ni mama yake, Mama Mbambu, kutoka Butembo.

— Nitamurudilia, Adrien akasema.

— Jibu. Weka ku haut-parleur, na miye nisikie.

Akatii.

— Adrien, wazazi wa ule binti tuliyekuchagulia wanangoja jibu. Niwaambie nini?

— Mama... tutasemezana kesho.

Akakata. Abigaïl alimtazama hadi macho yakamlowa.

— Kumbe nyumba ilikuwa ya kunificha.

— Hapana! Niliogopa tu. Tuikale kwanza, Mama atazoea polepole.

— Miye haiko mizigo ya fraude, ya kupitisha kwa siri ku mupaka wa Sakania, Adrien. Enda.

Abigaïl akarudi peke yake kwa Mama Chilufya.

— Mama, nyumba naichukua miye. Niko infirmière, nafanya ku hopitali. Nitaikala na mudogo wangu, Keren.

Mama yule akafungua mlango wa annexe.

— Mwanamuke mwenye anakubali kukosa nyumba juu ya kusema kweli, nitamukatalia namna gani? Kamata funguo.

Siku ishirini Abigaïl hakupokea simu ya Adrien. Alifanya kazi, alipika, alilia akiosha vyombo ili Keren asimsikie. Jumapili moja, baada ya misa, ujumbe ukaingia:

"Niko ku porte. Niko na Mama. Tafazali, fungua."

Akafungua. Mama Mbambu, amechoka na safari, alimpima kutoka kichwani hadi miguuni.

— Ni wewe Abigaïl?

— Njo miye, Mama. Karibu.

— Huyu ameniambia yote. Amekataa ule binti, akalia ku telefone sawa mutoto wa kunyonya. Nikasema acha nije nione mwenyewe. Sasa tukuombe wapi?

Abigaïl alimtazama Adrien. Alikuwa amekonda, lakini safari hii hakukwepesha macho.

— Hapa nalipiya tu nyumba, Mama. Kuniomba, ni kwa baba yangu, Papa Edouard, kule Katuba.

— Basi vaa viatu. Twende.

Abigaïl alikaa kizingitini kuvaa sandali. Kamba zikakataa kufungika. Adrien akapiga magoti kwenye vumbi, akamfungia, mama yake akitazama.