Kikombe cha Sita cha Gulbanu

Kikombe kilikuwa na joto. Gulbanu alikitoa katika kabati lililofungwa kwa ufunguo, akakishika kwa viganja viwili, akajiambia kwamba jua la dirishani linatosha kueleza jambo hilo. Maelezo hayo yangekubalika, isipokuwa vile vitano vilivyokaa kando yake vilikuwa baridi.

Vitano hivyo, vyenye nakshi ya ndege wa buluu, aliachiwa na mama yake. Cha sita kilivunjika zamani, na kiwanda cha Uingereza kiliacha kutengeneza nakshi ile wakati wa vita. Binti yake Noorbanu alipopata mchumba wa Manyoni, Gulbanu aliwaagiza wachuuzi wa minada yote wamtafutie kimoja, kwa kuwa wageni wa posa hawanyweshwi kwa vyombo visivyolingana. Paskali, mchuuzi wa Mtinko, alikipata. Kitakoni kilikuwa na tundu lililozibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Gulbanu aliliona, hakuuliza.

Noorbanu alikuwa wa kwanza kukinywea. Tangu hapo kiu haikumtoka: alimaliza mtungi mzima, na midomo ikazidi kupasuka. Aliomba maji kwa Kinyaturu, jambo ambalo peke yake si ushahidi, maana alikulia dukani kati ya wateja Wanyaturu. Lakini sauti ilikuwa ya kikongwe. Na alasiri moja, nyumba ikiwa kimya, mama na binti walisikia ndani ya kabati lililofungwa mtu akifyonza chai taratibu, akipumzika, akimeza, akifyonza tena, huku harufu ya udongo uliolowa ikitambaa sakafuni katikati ya kiangazi, mpaka kisahani kikagongwa, kama kigongwavyo mnywaji anapotaka kuongezwa.

Paskali aliitwa. Alikuja na Raheli, mganga wa kijijini kwake.

"Ulikitoa wapi?" Gulbanu alinong'ona.

"Juu ya kaburi la bibi Lea, mama."

"Ukaniuzia kikombe cha maiti!"

"Hukuuliza mwenyewe ni nani, mama. Uliuliza ndege tu."

Raheli hakucheka. "Sisi chombo cha marehemu hukitoboa, tukakilaza kaburini, asikifuate majumbani. Ninyi mmekiziba. Sasa anamnywa binti yako. Kitoboe kwa mkono wako, leo hii. Huyu hafiki kesho."

Gulbanu alivipindua vikombe vyote sita. Vitako vilikuwa vizima. Risasi haikuwapo, tundu halikuwapo, na sasa vyote vilikuwa na joto.

"Ni kipi?"

"Sikijui," alisema Raheli. "Mwanao unamjua?"

Gulbanu akachukua nyundo na msumari. Kikombe baada ya kikombe kilipasuka, na pumzi ya Noorbanu, aliyelala mkekani, ikaendelea kukwaruza. Kilipobaki kimoja, binti aliinua kichwa, macho maangavu, midomo imelainika.

"Basi. Nimepona. Hicho kimoja niachie."

Mkono wa Gulbanu ukasimama hewani. Binti alionekana mzima kweli. Dai lake lilikuwa na uzito. Ndipo kinywa kilekile kikaongeza, kwa upole:

"Niachie, mwanangu."

Akapiga.

Raheli alikusanya vigae katika kaniki yake, hata chembe hakuacha. Mkekani Noorbanu alikohoa, akalia kwa sauti yake mwenyewe, akilitazama kabati.

"Mama, umevunja vyote? Wageni watanywea nini?"

"Vya bati," alijibu Gulbanu, akimpapasa midomo iliyochanika. "Vya bati, roho yangu. Vya bati."