Taa ya Abiria

Gari lilitetemeka injini ikiwa imezimwa. Hilo ndilo asilolisadiki fundi aliyeitwa Mkono Mwepesi, ingawa aliyemweleza ni mdogo wake wa kike, mjane asiyejua kutia chumvi.

Lilikuwa gari kuukuu la kusambazia mikate, na ndilo lililolisha nyumba ya mjane huyo. Alisema halitetemeki kila siku. Ila likianza, huwaka kwenye dashibodi taa ya mkanda wa abiria, ile inayomwonya mtu aliyeketi bila kuufunga, na kiti kile ni kitupu. Alikuwa amekwenda kwa bibi mmoja mganga, akaambiwa gari lina msafiri wake wa tangu zamani, asitukanwe wala asifanyiwe fujo: taa ikiwaka, simama, fungua mlango wa upande wake, mwambie kwa adabu ashuke, ngoja izime. Kila mara ilizima. Lakini mikate ilichelewa, na mwenye tanuri alikwisha sema akichelewa tena kazi atapewa mwingine.

"Mdai nauli," alisema Mkono Mwepesi, na wateja waliokuwa wakingoja magari yao wakacheka. Mdogo wake akatazama chini.

Fundi alipima plagi, akafuata waya, akatikisa magurudumu. Hakuona kitu; gari mbele ya fundi hujifanya zima kama mtoto mtundu mbele ya mgeni. Mwisho akaketi kiti cha abiria. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na kwenye kitambaa chake kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Akainuka upesi. Wateja walikuwa wakimtazama. Basi akafanya wafanyavyo mafundi walioshindwa na taa: akaichomoa balbu, akaitia mfukoni. Kisha akabadilisha raba zinazoshikilia injini, akafunga nene zaidi, ili gari likitetemeka dereva asisikie.

"Ilikuwa waya tu," alimwambia.

"Kweli, kaka?"

"Kweli."

Mdogo wake alimwombea dua njiani kote, na tangu siku hiyo hakusimama tena kumshusha mtu.

Mikate haikuchelewa. Mwenye tanuri alimsifu. Ila watu wakaanza kusema yule mama hasalimii siku hizi, na watoto wake wakaja kumwambia mjomba wao kwamba mama analala garini.

Mdogo wake alikuja mwenyewe gereji, mchana kweupe. Hakuteremka. Mkono Mwepesi alifungua mlango wa abiria, na ile harufu ikamfikia kabla ya neno lolote, na akaona mkanda wa kile kiti kitupu umefungwa, umekaza, umetuna mbele kama unaozunguka kifua cha mtu mnene, ukipanda na kushuka polepole, na kila uliposhuka mdogo wake pale kwenye usukani alitoa pumzi, na kila ulipopanda alivuta.

"Kaka," alinong'ona, "irudishe taa."

Aliirudisha. Ikawaka papo hapo, nyekundu, na gari zima likaanza kutetemeka, spana zikagongana kwenye sanduku.

"Shuka," alisema Mkono Mwepesi. Taa haikuzima. "Tafadhali, mwenyewe. Shuka."

Mkanda ukalegea, ukaanguka. Lakini mlangoni alikosimama hakupita kitu, wala upepo. Aliyeshuka ni mdogo wake, kwa mlango wake wa dereva, taratibu, kama mtu aliyeambiwa yeye. Alipokanyaga chini taa ikazima, gari likatulia, na fundi akashusha pumzi.

Kisha akamtazama. Alikuwa amesimama juani, meno yakigongana, mwili wote ukitetemeka mtetemo ule ule wa gari, ukianza na kukoma, ukianza na kukoma. Na usoni pake hapakuwa na taa ya kumwambia mtu ni lini yumo yeye, na ni lini yumo mwingine.