Aliyechomoa Plagi

Soko la Mwembesongo lilikuwa limefurika watu kama ilivyo ada ya Jumamosi. Erick alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake cha ufundi, kikombe cha uji mkononi, pale kabichi ilipomwangukia mguuni. Akataka kugomba, akainua macho, ugomvi wote ukamwisha. Mbele yake alisimama binti aliyevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa barabara, kikapu cha mboga begani, na mkononi kisanduku cheusi chenye nyaya zinazoning'inia.

"Samahani kaka, nimekuumiza?"

"Sana. Sijui hata kama nitapona."

"Kwa kabichi moja? Kumbe wanaume wa mjini mmelegea hivi!" Akacheka, vishimo vikambonyea mashavuni. "Namtafuta fundi. Hiki ndicho kinachounganisha simu yetu ya mezani na intaneti. Mjomba alitutumia kutoka Kanada. Siku hizi akipiga, sauti inakatikakatika."

"Fundi ndiye huyu uliyemlemaza. Lakini hiki hakitengenezwi sokoni, dada. Kinatakiwa kiwekewe programu mpya ya ndani, tena kikiwa kwenye intaneti ya kwenu."

"Hapo ndipo unapotaka kupajua kwetu."

"Na jina lako pia."

"Devotha. Beba kabichi twende, maana mjomba anapiga leo."

Nyumbani kwao Kihonda, mama yake, Mama Paskalia, alikuwa ameshavaa kanga zake za misa, amekaa pembeni ya simu kama mtu anayesubiri mgeni. Kaka yake Laurenti, yule mjomba wa Kanada, alikuwa anapasuliwa moyo siku hiyo, na aliahidi kupiga kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nitengenezee nimsikie kaka yangu vizuri. Huenda ikawa ndiyo mara ya mwisho."

Erick akafungua kompyuta, akaanza kazi. Taa ya kisanduku ikawa inapepesa. "Sasa kisizimwe," akatangaza kwa maringo. "Kikizimwa katikati, kinakufa."

Devotha alikuwa anapiga pasi palepale sebuleni, jasho likimchuruzika shingoni, na Erick akaona huruma, au tuseme akaona mwanya. Akainama kwenye ekstensheni amchomekee feni. Macho yalikuwa kwa Devotha, mkono ukachomoa plagi ya kisanduku. Taa ikazimika. Akairudisha haraka, lakini haikuwaka tena.

Wakati huohuo Devotha alikuwa amenyanyuka kutoka kwenye ekstensheni ileile na waya wa pasi mkononi, amemaliza nguo zake. Akaitazama ile taa. "Mungu wangu! Ni mimi? Nimechomoa na cha kisanduku?"

Erick alimwona mama ameshika mkonga wa simu, amegeuka, anasubiri jibu. Aliona aibu. Fundi mzima!

"Huenda," akasema.

Neno hilo moja lilimpa Erick mchumba na likamnyima raha. Mjomba alipiga na hakupatikana. Devotha alipomtafuta kwa simu yake ya mkononi, ya mjomba ilikuwa imeshazimwa. Akapasuliwa bila kuisikia sauti ya dada yake, na baada ya hapo hakuzinduka upesi.

Erick alikichukua kisanduku kukishughulikia, na kila jioni Devotha akampigia, kwanza kuulizia kisanduku, kisha kulia, mpaka wakawa wachumba.

"Mpenzi, mama hanigombezi. Afadhali angenigombeza! Zamani alikuwa akiniita mamangu. Leo kaniambia, 'Devotha, leta maji.' Kama mpangaji."

"Usilie, malaika wangu. Atasahau."

"Mjomba akifa je? Ni mimi nimemnyima neno lake."

Erick alimbembeleza mpaka akanyamaza, kisha akakaa na ile simu mkononi akijichukia. Alikuwa anafuta machozi aliyoyasababisha mwenyewe, na anashukuriwa kwayo. Mwisho akashindwa, akawa hapokei.

Devotha akamfuata sokoni, macho yamemvimba. "Umenichoka?"

"Sijakuchoka."

"Basi sema kweli. Unaogopa kuoa mwanamke mwenye mkosi."

Maneno hayo yalimchoma. "Jumapili nakuja," akajibu. "Kisanduku kimepona."

Habari kwamba mjomba amezinduka ilimtangulia. Jumapili, baada ya misa, Erick alikiunganisha kisanduku, taa ikatulia, na simu ya mezani ikalia. Mama Paskalia akabonyeza spika. "Kaka!" akaita. Ndugu wawili walilia, wakacheka, wakaulizana habari za mashamba ya mlimani.

"Siku ile nilipiga sana, dada."

Mama akamtupia binti yake jicho. Devotha akainamisha kichwa, na hapo Erick hakuweza tena.

"Shikamoo mjomba. Mimi ni Erick, fundi. Siku ile plagi niliichomoa mimi, nikitaka kumchomekea Devotha feni. Devotha hakuigusa. Niliona haya, nikamwacha abebe."

Mama akampa mgongo Erick, akamshika binti yake mkono. "Mamangu," akasema. "Mamangu, nisamehe." Erick akatambua alichowaibia watu hawa, na kwamba si simu.

Devotha akamgeukia. "Nililia sikioni mwako kila siku. Ukaniita malaika!"

"Nisamehe, Devotha."

"Toka."

Akatoka. Alishika njia ya barabara kuu, milima ya Uluguru imejifunika mawingu mbele yake, akijua kwamba amempoteza na kwamba ni haki. Kwa Waluguru, kabila la akina Devotha, mjomba asipokubali hujaoa, na yeye alikuwa amejiharibia kwa mjomba, kwa mama na kwa binti mwenyewe kwa mpigo mmoja.

Hajafika mbali, simu yake ikaita.

"Sijakusamehe," sauti ya Devotha ilikuwa bado nzito kwa machozi.

"Najua."

"Sikusamehe leo, wala kesho usiniulize. Ila mjomba bado yuko hewani. Anasema uwongo wako ameusikia, na kweli yako pia ameisikia. Anauliza, je, unamtaka mpwa wake au ulikuja kwa ajili ya kabichi?"

Erick akasimama katikati ya njia. "Namtaka. Mwambie namtaka."

"Mwambie mwenyewe. Rudi." Akavuta kamasi. "Na ukiingia humu ndani, Erick, joto liwe joto. Usiguse waya wowote."